Ishara ya Kuzima

Nyapara alinyolewa masharubu yake Jumanne asubuhi, bila ridhaa yake, na aliyemnyoa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Hayakuwa masharubu ya kuchezea. Yalikuwa meupe na mazito, yamejilaza juu ya mdomo kama paka juu ya ukuta, na aliyafuga tangu kabla hajaoa. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na masharubu, mwanaume akaja kama nyongeza. Sasa mzee alikuwa kitandani wodi ya wagonjwa mahututi, bomba limeingizwa kwenye tundu shingoni, mashine ya kupumulia inamsukumia hewa, hana sauti ya kukataa wala nguvu ya kurusha teke. Mdogo wake, ambaye maisha yake yote alikuwa kinyozi, akatoa wembe, akapaka povu, akaimaliza kazi huku anapiga mluzi.

"Ameomba mwenyewe," alijitetea. "Hamkuona anavyofanya mikono? Hivi." Akapitisha kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, taratibu, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kucha. "Huo ni nini kama si wembe?"

"Hicho ni kitambaa, baba mdogo," alisema binti mkubwa wa mzee, mwenye duka la vitambaa. "Anataka kupanguswa. Nampangusa tangu juzi mpaka ngozi inang'aa."

"Na bado anafanya. Si ina maana hujamwelewa?"

"Na wewe umemnyoa na bado anafanya."

Kweli, mzee alikuwa bado anafanya. Kiganja kikapita juu ya mkono, kikafika kwenye kucha, kikasimama. Kisha akamtazama mwanawe wa kiume aliyekuwa upande wa miguuni, akasubiri.

Mwana huyo, ambaye ukoo mzima ulimwita Gogo, akageukia dirishani, akaanza kuchunguza pazia kama mtu anayetaka kulinunua.

Gogo alijua ile ishara ni nini. Ndiye peke yake mle chumbani aliyejua, na hakuwa amemwambia mtu.

Jina la Gogo alipewa na baba yake mwenyewe, maana utotoni akishalala hata umburute haamki. Likamfaa zaidi alipokua, kwa sababu baba na mwana walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mzee ndiye alikuwa nyapara wa pale, na cheo kikawa jina, kikamfuata mpaka nyumbani. Mle kiwandani, misumeno ikishawashwa, unaweza kumtukana mkweo usoni naye akakuchekea. Hakuna anayesikia kitu. Kwa hiyo wafanyakazi walisemeshana kwa mikono. Kulikuwa na ishara ya kusukuma, ya kugeuza, ya kupunguza unene wa ubao, ya kwenda kula, na moja ya kumsema meneja ambayo haifai kuelezwa mbele ya watu.

Kulikuwa pia na ishara ya kuzima: kiganja juu ya mgongo wa mkono, kutoka kifundo mpaka kucha.

Hiyo Nyapara aliiwekea sheria. Yeyote aliye karibu na msumeno ana haki ya kuitoa, hata kama ameajiriwa leo, na haiulizwi sababu, kwa maana yeye ndiye anayeona meno yanavyokuja. Aliye kwenye swichi akiiona anairudisha, yaani anaifanya vilevile kwa mikono yake, ndipo anazima. Asipoirudisha, mwenzake ataendelea kuifanya, kwa sababu hana njia nyingine ya kujua kama ameonekana.

Ujana wake wote Gogo alikuwa mtu wa swichi. Baba yuko kwenye magogo, mwana yuko kwenye swichi, macho kwa macho. Hakuwahi kuchelewa kurudisha ishara ya baba yake.

Sasa alikuwa amechelewa wiki nzima, na mzee alikuwa hajachoka kuifanya.

Ugonjwa ulikuwa wa mapafu. Unga wa mbao aliouvuta miaka na miaka ulikuwa umeyakakamaza kama sifongo iliyosahauliwa juani. Alipoletwa hospitali hali ilikuwa mbaya, wakamlaza kwa dawa za usingizi, wakamfunga mashine wakiamini atapata nafuu waiondoe. Usingizi uliondoka, mashine ikabaki. Kila walipojaribu kuipunguza, mzee alibadilika rangi na kengele zikalia kama gari la zimamoto.

Alipozinduka tu, akatoa ishara. Wauguzi wakadhani anataka kung'oa bomba. Wakamfunga mikono kwenye kingo za kitanda kwa bandeji laini, na habari ikaenea wodini kwamba mzee wa dirishani akili haijatulia. Walimfungua pale tu ndugu zake walipokuwepo wa kumwangalia.

"Haya babu," alisema muuguzi wa zamu siku hiyo, mwanaume mwembamba mwenye maneno mengi, akilegeza bandeji. "Leo unatuongozea kwaya gani?"

Nyapara akamtazama kwa macho yaliyosema kwamba angekuwa kiwandani kwake, kijana huyu angekuwa anafagia.

Ndugu nao kila mmoja alikuja na tafsiri yake. Binti, dada yake Gogo, alipangusa. Baba mdogo alinyoa. Jirani aliyepita kusalimia alisema mzee anataka shuka inyooshwe, wakainyoosha mpaka ikabana kama ngoma. Mtu mwingine akaleta redio. Mzee alivumilia yote hayo, kisha anaanza upya: kifundo, kucha, anamtazama Gogo. Gogo anatazama pazia.

Siyo kwamba alikuwa mtu mbaya. Alijiambia kwamba pengine mzee anaota, anadhani yuko kazini. Alijiambia kwamba mapafu yanaweza kuamka, mbona watu huamka. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi zaidi: akiirudisha ile ishara, mtu wa swichi atakuwa yeye. Na hakutaka kuwa mtu aliyemzima baba yake.

Mchana huohuo daktari aliwaita. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani inayoteremka puani, na ofisi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu watatu wakikaa, wa nne inabidi apumue kwa zamu. Hakuzunguka mbuyu.

"Mapafu ya mzee hayatarudi," alisema. "Mashine inamweka hai, lakini haimponyi. Tunaweza kuendelea nayo, atakaa hivyohivyo mpaka maambukizi yamchukue. Au tunaweza kuiondoa, tumpe dawa asihangaike kutafuta hewa, tumwache aende kwa utulivu. Sitaki kuwaburuta. Nataka kujua mzee mwenyewe angetaka nini. Aliwahi kusema lolote?"

"Baba hajawahi kuacha kitu katikati," dada alisema. "Kumwondolea mashine ni kumuua. Samahani daktari, lakini kwetu kuua kunaitwa kuua."

"Mwanangu, anayemuua ni ugonjwa," baba mdogo alisema. "Mashine inamshika shati tu. Mimi ningekuwa yule, ningesema niachieni shati langu."

"Wewe baba mdogo nyamaza. Umeshamnyoa masharubu, sasa unataka kumnyoa na roho."

Daktari akasukuma miwani juu, pengine ili afiche tabasamu.

"Nawaelewa wote wawili," alisema. "Kisheria na kitabibu, mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa mashine, na kumtii siyo kumuua. Angekuwa na uwezo ningemuuliza mwenyewe na tungemaliza. Lakini ile mikono inanitia shaka. Mtu anayerudia jambo moja kutwa nzima, siwezi kusimama nikasema akili yake imetulia. Ndiyo maana nawauliza ninyi." Akamgeukia Gogo. "Kaka, wewe hujasema kitu."

Gogo alikuwa anatazama vidole vyake. Kimoja kilikuwa kifupi, msumeno ulikichukua siku ambayo hapakuwa na kosa la mtu.

"Sina la kusema," akajibu.

Lakini alipotoka mle ofisini, maneno ya daktari juu ya ile mikono yalitoka naye. Alikuwa amezoea kujiambia kwamba kimya chake hakimdhuru mtu. Sasa aliona kinavyofanya kazi. Mzee alikuwa anasema neno moja, kwa utaratibu uleule aliowafundisha watu wa kiwanda kizima, na kwa sababu mwanawe alikuwa ameuma ulimi, hospitali nzima ilimhesabu mwendawazimu na kumfunga mikono.

Walirudi wodini. Muuguzi akafungua bandeji, akatoa mzaha wake, akaondoka. Nyapara akapumzisha mikono kidogo. Akatoa ishara. Gogo safari hii hakugeukia pazia, ila pia hakuirudisha. Alisimama tu, mikono mfukoni.

Mzee akamtazama kwa muda. Kisha akafanya kitu kipya. Akaukunja mkono wa kulia, akauweka chini ya shavu, akainamisha kichwa juu yake na kufumba macho.

"Ana usingizi, maskini," dada alisema, akavuta shuka amfunike.

Gogo akaangua kicheko. Kilimtoka bila kubisha hodi, kikubwa, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza shingo. Alicheka akashika ukingo wa kitanda, alicheka machozi yakaanza kushuka, na yalipoanza kushuka hakujua tena kama ni ya kicheko.

"Una wazimu?" dada alimuuliza. "Baba analala wewe unacheka?"

"Halali, dada. Ananitukana."

"Anakutukana vipi?"

"Hiyo ni ishara ya kiwandani. Ina maana mtu wa swichi amelala, kamwamsheni." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na ile nyingine siyo kitambaa. Wala siyo wembe, baba mdogo. Ni ishara ya kuzima. Wiki nzima anasema zima, na wiki nzima mimi namwona."

Kwenye kitanda, Nyapara alikuwa amefumbua macho. Akanyanyua kidole gumba.

Dada alikaa kwenye kiti kama mzigo ulioachiwa. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ulijua," alisema. "Mimi nampangusa, wewe unajua."

"Nilijua."

"Na sasa unataka tumzime baba kama friji."

"Sitaki. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini anayetaka siyo mimi, dada. Yeye ndiye yuko kwenye meno."

Daktari aliitwa. Gogo alimweleza habari ya kiwanda, misumeno na mikono, na daktari akasikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kiti mpaka ubavuni kwa mzee, akawaomba wengine wanyamaze, na akaanza kumuuliza maswali ya kutikisa kichwa. Alimuuliza kama yuko hospitali. Ndiyo. Kama yuko kiwandani. Hapana. Kama huyu ni binti yake. Ndiyo. Kama huyu mwenye wembe ni rafiki yake. Nyapara akafikiri, akatikisa kiganja huku na huku: nusu kwa nusu. Baba mdogo akainamisha uso.

"Unataka tuendelee na mashine?"

Hapana.

"Tukiiondoa utafariki, mzee. Pengine siku hiyohiyo. Unanielewa?"

Ndiyo.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

Mzee akawatazama wanawe mmoja baada ya mwingine, na mabega yake yakatikisika. Mtu asiye na sauti hucheka hivyo.

Daktari alisema atarudi kumuuliza tena kesho, na kesho kutwa, na atamleta daktari mwenzake amuulize pia, kwa sababu jambo kama hili haliamuliwi kwa jibu la mara moja. "Na hizo bandeji," alimwambia muuguzi, "zitupwe."

Alipotoka, dada alisogea karibu. Alimshika baba yake mkono, ule wa kushoto, wenye mgongo ambao kiganja kilikuwa kikipita juu yake.

"Baba, ni kweli? Umechoka?"

Ndiyo.

"Siyo kwamba unatuonea huruma kwa kuja huku kila siku? Maana mimi sichoki. Duka nimeliacha kwa msichana, linakwenda."

Hapana, hapana. Akagusa kifua chake. Akafanya uso wa mtu aliyekula kitu kichungu.

Dada akaanza kusema kama anapatana bei na mteja mgumu. "Basi nipe muda. Siwezi kukuzika hivyo ulivyo. Huyu baba mdogo amekufanya unafanana na yai. Subiri masharubu yaote."

Mabega ya Nyapara yakatikisika tena, safari hii mpaka mashine ikalia kengele na muuguzi akaja mbio. Alipotulia, mzee akaweka kidole gumba na cha shahada karibukaribu, pakabaki upenyo wa punje. Kidogo tu. Yaote kidogo tu.

Ikawa ndiyo makubaliano yao, na sijui kama kuna hospitali nyingine ilishawahi kuwa na makubaliano ya namna hiyo. Kila asubuhi dada alikuja, akainama na kuchunguza mdomo wa juu wa baba yake kama mkulima anayekagua tuta. Kila siku daktari alikuja na maswali yake, wakati mwingine ameyageuza kichwa chini miguu juu ili kumpima, na majibu hayakubadilika. Mzee alilala vizuri. Hakutoa tena ishara ya kuzima, kwa sababu aliona wamemsikia. Badala yake alifanya nyingine, na Gogo akawa mkalimani. Ishara ya meneja ilimwangukia muuguzi. Muuguzi alipong'ang'ania kuambiwa maana yake, akaambiwa, akacheka mpaka akaomba afundishwe.

Jumapili asubuhi dada alikuja, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Juu ya mdomo wa Nyapara kulikuwa na vinyweleo vyeupe, kama unga wa mbao uliomwagika.

"Yameota," alisema. Akambusu kwenye paji la uso, akarudi nyuma.

Daktari alikuja na muuguzi. Walimpa mzee dawa ya kutuliza kifua, wakasubiri ifanye kazi. Gogo akamsogelea daktari, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Swichi anashika nani?"

"Sisi," daktari alisema. "Ni kazi yetu, siyo yako."

Gogo alishusha pumzi. Lakini kulikuwa na sehemu moja ya kazi ambayo haikuwa ya daktari. Alikwenda akasimama upande wa miguuni, mahali palepale alipokuwa akitazama pazia. Mzee alikuwa anamngoja. Mikono ya mzee ikapanda, dhaifu, kiganja kikapita juu ya mgongo wa mkono, kutoka kifundo mpaka kucha, kikasimama.

Gogo akatoa mikono mfukoni. Akairudisha.

Daktari akazima.

Kiwandani, ukishazima, msumeno haukomi papo hapo. Unaendelea kuzunguka wenyewe, sauti inashuka polepole, na mpaka usimame hakuna anayeruhusiwa kusogea. Gogo alitarajia kwamba hapa itakuwa ghafla. Haikuwa hivyo. Mzee alivuta hewa mwenyewe, fupi, akatoa. Akavuta tena. Dawa ilimtuliza, hakupapatika. Daktari akamfunga kizibo kidogo kwenye lile bomba la shingoni, akaeleza kwamba sasa hewa itapita kooni, na kama nguvu zipo, mzee anaweza kusema maneno machache.

Wote wakainama. Muuguzi naye akainama. Kwa wiki kadhaa hawakuwa wamesikia sauti ile, na kila mmoja alikuwa na neno alilotamani kulisikia likimtoka.

Sauti ilitoka kama tupa kwenye ubao mkavu.

"Nani," alisema Nyapara, "alininyoa."

Baba mdogo alikuwa ameshafika mlangoni. Dada alikamata koti lake, akamvuta mpaka kitandani, na kicheko kikawashika wote, daktari akageukia ukutani na miwani yake mkononi. Kinyozi alipiga magoti.

"Kaka, nilidhani umeomba."

"Miaka yote hiyo," mzee alisema, akapumua, "nimekukwepa. Ukaningoja nifungwe mikono."

Mchana ule ulikuwa mzuri. Mzee alisema kidogo, akapumzika, akasema tena. Alimwambia binti yake kwamba amempangusa mpaka amepungua kilo. Alimwambia pia jambo lingine sikioni, na dada hakumsimulia mtu ni nini. Alimuuliza mdogo wake kama wembe ulikuwa mpya. Kisha akamwita Gogo.

"Ulichelewa."

"Nilichelewa, baba."

"Kiwandani ningekupeleka ukafagie."

"Ningefagia."

Mzee akatafuta kile kidole kifupi cha mwanawe, akakishika. "Ila uliirudisha," alisema. "Basi."

Baada ya hapo sauti haikutoka tena. Pumzi zikaenda zikiachana, moja hapa, nyingine mbali kidogo. Hakuna aliyesogea wala aliyeondoka. Jua lilikuwa limefika kwenye pazia wakati Nyapara alipofumbua macho mara nyingine, akawatazama wote watatu, akakusanya vidole vya mkono wa kulia na kuvipeleka mdomoni, kisha akaelekeza mlangoni.

"Anataka nini?" dada alinong'ona. "Ana njaa?"

"Hapana," Gogo alisema. "Kazi imeisha. Anasema twende kula."

"Sasa mimi nitakula nini saa hizi?"

"Mrudishie tu, dada, ajue tumeona."

Dada akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni, akaelekeza mlangoni. Baba mdogo akafuatia, kimakosa kwa mkono wa kushoto, na Gogo akamalizia. Mzee aliona. Akafumba macho.

Kwa mara ya kwanza, ishara ya Nyapara ilionekana, ikarudishwa, na haikutiiwa. Walivuta viti karibu wakakaa naye, wote watatu, mpaka mzunguko wa mwisho ulipotulia.